Nusu Nyingine ya Ruzuku

Muhula uliopita, katika somo la sera za umma, nilichora ubaoni jedwali ambalo nimekuwa nikilichora kila mwaka tangu nianze kulifundisha somo hilo. Safu ya kwanza huonesha msimu wa kilimo, ya pili idadi ya vocha za pembejeo zilizotolewa, na ya tatu idadi ya kaya zilizonufaika. Nilikuwa nimeshika kifutio tayari, binti mmoja aliyeketi viti vya nyuma alipoinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, hao walionufaika, nani aliyewauliza kama walinufaika?"

Wenzake walicheka. Mimi nilimjibu kwa utulivu wa mtu aliyelizoea somo lake. Nilimweleza kwamba takwimu hizo hutokana na vocha zilizosainiwa na wakulima, zikapokelewa na mawakala, zikapelekwa benki na kulipwa. Kwamba saini ya mkulima ndiyo ushahidi wa kupokea. Akaandika jibu langu daftarini, na kipindi kikaisha.

Usiku ule sikulala vizuri. Miongoni mwa kaya nilizozihesabu ubaoni imo kaya ya mama yangu mzazi. Saini yake ipo, na ni saini halali. Lakini mama yangu hakupata hata kilo moja ya mbolea kwa vocha ile, na jambo hilo nalijua kwa zaidi ya miaka kumi. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa binti yule.

Nyumbani kwetu ni Kemambo, wilayani Tarime, katika eneo ambalo wengi hulijua kwa jina la Nyamongo. Kusini yetu unapita Mto Mara, na ng'ambo yake ni Serengeti. Mtu akilitaja eneo letu mjini, msikilizaji hukumbuka dhahabu, kwa sababu mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 na tangu hapo habari zetu zimekuwa habari za mgodi. Ni watu wachache wanaokumbuka kwamba wakazi wengi wa pale ni wakulima na wafugaji, wanaopanda mahindi, mihogo, ulezi na mtama, na kwamba asubuhi nyingi kwetu huanza kwa jembe.

Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Mama alibaki na eka moja na nusu ya ardhi ya ukoo, ng'ombe wawili wa plau, na watoto wanne. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na jambo hilo alilionea fahari hadi leo. Penye karatasi inayotaka dole gumba, yeye huomba kalamu. Huandika majina yake matatu polepole, kwa herufi kubwa, kisha huyaangalia kama mtu anayeangalia mshono wa nguo.

Kijiji chetu sitakitaja, wala wakala nitakayemweleza hapa chini. Sifanyi hivyo kwa hofu. Nafanya hivyo kwa sababu niliyoyaona pale yalitokea katika vijiji vingi vya nchi hii, na msomaji akipata jina la mtu mmoja wa kumlaumu ataridhika mapema mno.

Kwa wanafunzi waliozaliwa baadaye, naomba nieleze kwa kifupi mpango wenyewe. Ruzuku ya mbolea si jambo jipya Tanzania. Ilikuwepo katika miaka ya 1970 na 1980, ikapunguzwa hatua kwa hatua chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, na katikati ya miaka ya 1990 ikafutwa kabisa. Ilirejea mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sura ya kufidia gharama za usafirishaji. Kisha, bei za chakula na mbolea zilipopanda duniani mwaka 2008, Serikali ilipanua utaratibu wa vocha uliokuwa umejaribiwa katika wilaya chache, na baadaye ikaungwa mkono kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lengo lilikuwa kuzifikia kaya milioni 2.5. Hicho ndicho kilikuwa kipindi cha kaulimbiu ya Kilimo Kwanza.

Utaratibu ulikuwa mzuri kuusoma. Kila kijiji kilichagua kamati ya vocha yenye wanaume na wanawake. Kamati iliorodhesha kaya zenye mashamba madogo, na kipaumbele kilipewa kaya zinazoongozwa na wanawake pamoja na wakulima ambao hawakuwa wakitumia mbolea. Kila kaya ilipewa vocha tatu kwa ajili ya eka moja: ya mbegu bora, ya mbolea ya kupandia, na ya mbolea ya kukuzia. Vocha ililipa takriban nusu ya bei. Mkulima alikwenda kwa wakala, akatoa vocha, akalipa nusu nyingine kwa fedha taslimu, akasaini na kuchukua mzigo. Wakala aliipeleka vocha benki, akalipwa sehemu ya Serikali.

Naomba msomaji aikumbuke hiyo nusu nyingine.

Mwezi Machi 2011, nikiwa msaidizi wa mhadhiri ninayejiandaa kwa shahada ya uzamili, mama alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana hali ya watoto na ya mvua. Kisha akanieleza kwamba majina yalikuwa yamesomwa kwenye mkutano wa kijiji, na jina lake lilikuwemo.

"Wamenipa karatasi tatu, baba," alisema. Mama huniita baba, kwa kuwa nimebeba jina la babu yake. "Lakini wakala anataka na fedha. Ametupa siku nne, anasema mzigo ni mchache."

Nilicheka kidogo. Nilimweleza, kwa sauti niliyokuwa nimeanza kuizoea mbele ya wanafunzi, kwamba hiyo ni ruzuku. Kwamba Serikali imeshamlipia nusu nzima. Kwamba kazi yake ni kumalizia tu. Nilimweleza faida za mbolea ya kupandia. Wakati huo nilikuwa na fedha nilizokuwa nikizidunduliza ili ninunue kompyuta mpakato. Zilitosha kulipa nusu iliyobaki, na nyingine zingebaki. Sikuzitaja. Naye hakuniomba waziwazi, kwa kuwa mzazi wa kwetu humweleza mwanawe hali ilivyo na kumwachia aelewe mwenyewe.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, baba. Basi nitaona."

Kompyuta niliinunua mwezi uliofuata.

Desemba 2012 nilirudi nyumbani kwa likizo nikiwa na dodoso mkobani. Tasnifu yangu ilihusu mpango huohuo wa vocha, katika mkoa mwingine, na msimamizi wangu alikuwa ameniagiza nilijaribu dodoso kwa watu wachache kabla ya kwenda uwandani. Nikaona nianze na mama. Tulikaa chini ya mwembe, yeye akichambua maharage, mimi nikiwa na kalamu.

Swali la saba liliuliza kama kaya imewahi kupokea vocha ya pembejeo. Akajibu ndiyo. Nikaweka alama. Swali la nane liliuliza kiasi cha mbolea kilichotumika shambani msimu huo.

"Hakuna," alisema.

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia swali kwa Kikuria. Akaacha kuchambua maharage, akanitazama. "Nimekuelewa tangu mwanzo. Niliziuza zile karatasi."

Alinieleza bila haya wala hasira. Siku ya tatu alikwenda kwa wakala akiwa na vocha na bila fedha. Aliwakuta wanawake wengine wenye hali kama yake. Wakala akawaambia kwamba asiyeweza kumalizia anaweza kuziacha vocha, akazisaini kama mtu aliyechukua mzigo, na yeye atampa kitu kidogo ili asirudi mikono mitupu. Mama alipewa shilingi elfu kumi na tano. Aliomba kalamu, akaandika majina yake matatu.

Nilimuuliza kwa ukali kidogo kama hakujua kwamba ule ulikuwa wizi. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno. "Mahindi yangu yalikuwa yameshachipua siku zile karatasi zilipofika. Mbolea ya kupandia ningepandia nini? Elfu kumi na tano niliwapa vijana wawili wakanipalilia. Wewe ulitaka nifanyeje?"

Sikuwa na jibu. Nikakunja dodoso. Kwa kuwa lilikuwa la majaribio, na kwa kuwa Tarime haikuwa katika sampuli yangu, sheria za utafiti ziliniruhusu kuliacha. Nikaliacha. Katika sura ya nne ya tasnifu yangu lipo jedwali la wanufaika lililotokana na takwimu rasmi, na maelezo yangu chini yake yanasema kwamba mpango ulifanikiwa kuwafikia wanawake wakuu wa kaya. Sentensi hiyo ina marejeo sahihi. Niliiandika nikijua nilichokisikia chini ya mwembe.

Ni rahisi sana kumaliza habari hii kwa kumtaja wakala kuwa mwizi, na kweli alichofanya kilikuwa wizi. Alilipwa na Serikali kwa mbolea ambayo hakuitoa, kisha akabaki na mbolea yenyewe ya kumuuzia mwenye fedha. Lakini mtu wa sera hapaswi kuishia hapo. Tuifuate vocha ya mama tangu ilipotoka, tuone ilipopotelea.

Kamati ya kijiji haikupendelea ndugu. Ilimchagua mjane mwenye eka moja na nusu ambaye hakuwa akitumia mbolea, yaani mtu yuleyule aliyekusudiwa na waraka. Mtendaji wa kijiji alisoma majina hadharani. Vocha zilifika mikononi mwake bila hongo. Ungetumwa mkaguzi hadi hatua hiyo, angetoa alama za juu. Kosa lilikuwa limeshawekwa ndani ya mpango kabla haujatoka ofisini: uliwachagua watu kwa sababu hawana fedha, kisha ukawataka walete fedha, tena katika wiki za njaa, akiba ya mavuno ya nyuma imekwisha na mpya haijakomaa. Mwenye shamba kubwa zaidi, mwenye duka au mwenye mtoto mwajiriwa aliweza kulipa. Mjane alibaki na kitu kimoja tu chenye thamani sokoni, nacho ni saini yake.

Wapo watakaosema kwamba mchango wa mkulima ni wa lazima. Hoja yao nimeifundisha, na ina uzito. Kitu cha bure huvuja zaidi, anayechangia hukithamini, na Hazina haina uwezo wa kulipia kila mfuko kwa bei kamili. Nakubali yote matatu. Nisichokubali ni kuuita mchango "kidogo" bila kumuuliza anayeutoa. Kwa afisa, nusu ya bei ya mbolea ni posho ya siku moja au mbili. Kwa mama yangu mwaka ule, ilikuwa ni kuuza mbuzi, na mbuzi walikuwa wamekwisha kwa ada ya mdogo wangu.

Mawakala nao walikuwa na upande wao. Wengi walikopa ili kununua mzigo, na Serikali ilichelewa kuwalipa. Baada ya msimu wa 2015/2016 walibaki wakiidai fedha nyingi, na uhakiki wa madai yao ulichukua miaka. Baadhi ya madai yalikuwa ya kweli na wenye nayo walifilisika. Mengine yalikuwa ya vocha kama za mama yangu. Karatasi zote zilifanana, kwa sababu zote zilikuwa na saini halali. Hapo ndipo Serikali yenyewe ilipojikuta mahali pa binti yule wa darasani, ikiuliza nani hasa alipokea.

Kemambo swali hili lina uchungu wa pekee, na sababu yake ni neno moja ambalo wasomaji wa Mara wanalijua: tegesha. Kwa wasiolijua, tegesha ni kupanda mimea au kujenga nyumba haraka mahali panapotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili mthamini akija akute kitu cha kufidia. Mabishano kati ya wananchi, mgodi na Serikali kuhusu tegesha yamedumu miaka mingi, na leo sitaki kuyaamua. Nataka kueleza somo ambalo watu wetu wamejifunza kwayo.

Kijana wa kwetu amekua akiona shina la mhindi likihesabiwa katika daftari la mthamini na kulipwa bila kuvunwa. Ameona pia kwamba shamba la jirani, lililopaliliwa vizuri lakini lililo nje ya mpaka wa uthamini, halimletei mwenyewe chochote isipokuwa mavuno yake, na mavuno hayo hutegemea mbolea ambayo nusu ya bei yake haipo. Kwa hiyo shamba kwetu hulipwa vizuri siku linapoacha kuwa shamba. Mtu aliyekulia katika hesabu hiyo hashangai mama akiuza vocha. Anashangaa mtu anayedhani kwamba karatasi na zao ni kitu kimoja.

Turudi kwenye ruzuku yenyewe, maana imebadilika, na haki inataka mabadiliko hayo yatajwe. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote kutokana na athari za janga la UVIKO-19 na vita vya Urusi na Ukraine. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa ruzuku ya msimu wa 2022/2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua mpango huo Mbeya tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia aina ya DAP, uliokuwa umefika zaidi ya shilingi 130,000, ukashushwa hadi 70,000. Safari hii hapakuwa na kamati ya kuchagua maskini. Kila mkulima alitakiwa kujiandikisha kijijini kwake, taarifa zake zikaingizwa katika mfumo wa kielektroniki, na akapata namba ya kununulia mbolea kwa bei ya ruzuku. Tofauti ya bei hulipwa na Serikali kwa wafanyabiashara.

Mama alijiandikisha siku ya kwanza, akiwa na umri wa miaka sabini. Aliponipigia simu kunieleza, sikumweleza faida za mbolea. Nilimtumia shilingi laki moja na elfu arobaini za mifuko miwili pamoja na nauli. Alilazimika kwenda mjini mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza foleni ilikuwa ndefu na mzigo ukaisha kabla ya zamu yake. Mjukuu wake alirudi na mifuko hiyo kwenye pikipiki. Eka ileile moja na nusu iliyozoea kumpa magunia sita ilimpa kumi na moja. Alinitumia picha ya magunia yamepangwa ukutani, na yeye amesimama pembeni kama mtu wa kwenye sherehe.

Nasema haya ili nisieleweke kuwa mpinzani wa ruzuku. Mbolea ikifika kwa wakati kwenye udongo uliochoka, watu hushiba. Nimeyaona magunia kwa macho yangu.

Lakini jirani wa mama, mwanamke wa rika lake, naye alijiandikisha siku ileile. Namba yake aliandikiwa kwenye kipande cha karatasi, akakihifadhi ndani ya Biblia. Hana mtoto mwajiriwa. Msimu ulipita, kipande kile kikabaki kati ya kurasa. Katika daftari la kijiji, majina yao yanafuatana. Mtu akihesabu wakulima walioandikishwa, anahesabu wawili. Hesabu ya waliopata mbolea ni mmoja, naye aliipata kwa sababu mwanawe ana mshahara wa umma. Ukiitazama vizuri, ruzuku ile ilinipunguzia mimi gharama ya kumtunza mama yangu. Si jambo baya, lakini sivyo tulivyoliandika katika vitabu.

Ipo pia hesabu ya ukubwa wa shamba. Ruzuku inayotolewa kwa kila mfuko humpa zaidi anayenunua mifuko mingi. Mwenye eka ishirini na fedha taslimu hupokea ruzuku mara nyingi kuliko mwenye eka moja, na asiye na fedha hapokei kitu. Bei imeshuka kwa wote, na kwa hiyo kila mtu ataona usawa katika tangazo. Usawa huo huishia kwenye kaunta ya wakala.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la Tanzania peke yake. Mpaka wa Sirare hauko mbali nasi, na ng'ambo yake, katika Kaunti ya Migori, wanaishi Wakuria wenzetu chini ya serikali nyingine. Kenya nayo iliwaandikisha wakulima, na mwaka 2023 ikashusha mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 2,500 za Kenya. Mwaka 2024 ikabainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango huo haikuwa na mbolea ya kweli, na hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo ikafika Bungeni, ingawa haikufaulu. Huko pia mfumo ulikuwa na majina, namba na idadi ya mifuko iliyouzwa. Kilichokuwa ndani ya mifuko, wakulima walikigundua wenyewe, mashambani mwao.

Basi nini kifanyike? Sitaki kuwa mhadhiri anayelaumu na kuondoka. Nina mapendekezo manne, nayo yote yanaweza kutekelezwa na watu wanaosoma makala haya wakiwa ofisini.

La kwanza ni wakati. Kwetu masika hupandwa kuanzia Februari. Pembejeo inayofika katikati ya Machi ni ya msimu uliopita, hata ikiwa ya bei nafuu. Kalenda ya ruzuku ifuate mvua za kila kanda, maana Mara haipandi wakati mmoja na Ruvuma.

La pili ni ukubwa wa mfuko na umbali wa kituo. Mtu asiyeweza kutoa 70,000 kwa mkupuo anaweza kutoa 7,000 mara kadhaa. Mbolea ya ruzuku iuzwe hadi kijijini katika mifuko midogo iliyofungwa na kuthibitishwa, ili mjane asitumie thamani ya kilo kumi za mbolea kwa nauli ya kuifuata mjini.

La tatu ni hiyo nusu nyingine. Kwa kaya ambazo kijiji kimezithibitisha kuwa maskini, sehemu ya mkulima ilipwe baada ya mavuno, kwa fedha au kwa mahindi, kupitia chama cha ushirika au kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wanajuana. Taifa hili tayari lina orodha ya kaya maskini zilizopokea fedha kupitia TASAF. Orodha hiyo na ile ya wakulima wa ruzuku zinaweza kusomwa pamoja. Watakaoshindwa kulipa watakuwepo, na hasara hiyo iandikwe wazi. Ni afadhali hasara iliyoandikwa kuliko mafanikio ya saini tupu.

La nne ndilo la binti yule wa darasani. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano wa baada ya msimu, majina yasomwe tena, kama yalivyosomwa mwanzoni. Safari hii kila aliyetajwa asimame aseme alichukua mifuko mingapi, lini, na alitoa kiasi gani. Jambo hilo halihitaji mfumo mpya wa kompyuta wala mshauri kutoka nje. Linahitaji mtendaji mwenye orodha na watu wanaojuana. Wakala anayejua kwamba vocha itaulizwa mbele ya kijiji kizima atafikiri mara mbili kabla ya kununua saini.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma: najua taarifa ya robo mwaka inavyodaiwa, na najua kwamba safu ya "wanufaika" haiwezi kubaki tupu. Jazeni. Ila ongezeni safu moja pembeni yake, ya waliouliziwa. Kwa wanafunzi na wanaharakati: mnapopewa idadi, ulizeni ilihesabiwa wapi. Kama ilihesabiwa benki, ni idadi ya malipo. Kama ilihesabiwa kijijini siku ya kuandikisha, ni idadi ya majina. Idadi ya walionufaika huhesabiwa shambani, na kwa kawaida hakuna aliyetumwa huko.

Nami ninayo yangu ya kutekeleza. Nimeiandikia maktaba ya chuo nikiomba kuambatisha ukurasa mmoja kwenye tasnifu yangu, nikieleza kwamba jedwali la sura ya nne linahesabu vocha zilizolipwa, na kwamba niliarifiwa kabla ya kuandika kuwa vocha iliyolipwa haikuwa lazima imempa mkulima mbolea. Sijajibiwa. Jedwali la ubaoni nimeshalirekebisha: safu ya tatu sasa inaitwa "vocha zilizolipwa".

Jumapili iliyopita nilimsomea mama makala haya kwa simu, maana ni habari yake na sikutaka kuitoa bila ruhusa. Alisikiliza hadi mwisho. Nilipofika mahali pa kompyuta, palikuwa kimya upande wake, nikadhani mtandao umekatika. Baadaye akasema kwamba alijua siku ileile kuwa nilikuwa na fedha, kwa sababu mtu asiye na fedha hatoi hotuba ndefu namna ile.

Kisha akaniuliza kama yule jirani yake anaweza kukopeshwa mfuko mmoja kabla ya Februari. Nilimwambia nitaona. Nikasikia nilivyosema, nikamwambia nitautuma Jumatatu.